Usikate Simu, Mama

Sehemu ya Sita

Wapo mlioniandikia kwamba hasira zangu zimezidi, nipunguze, nisije nikaanguka na presha. Ahsanteni. Someni ya leo kwanza, halafu mnishauri tena.

Kwa aliyechelewa: mama yangu mzazi yu hai. Anakula, anasali, ananigombeza. Lakini kwenye kompyuta za serikali amekufa. Aliyefariki ni mama mkubwa, dada yake. Kuna karani, Mungu anamjua, alibonyeza jina la chini badala ya la juu, basi tukawa tumezika watu wawili kwa jeneza moja.

Ningecheka kama si jicho. Mama ana presha ya macho. La kushoto limeshazimika, la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Daktari alisema hilo la kulia lisipofanyiwa upasuaji upesi nalo linakwenda, na likishakwenda halirudi.

Nafasi tulipata. Kesho asubuhi. Lakini kila kadi yake ya matibabu ikipitishwa kwenye mashine, mashine inasema mwenye kadi ni marehemu. Na hospitali haimpasui marehemu.

Wiki iliyopita niliishia pale sista wa wodi ya macho aliponipigia. "Fundi, nimetafuta namba ya mama yako tangu asubuhi, haipatikani. Jioni nafunga orodha. Kadi isiposoma kwamba yu hai, nafasi yake namwita mwingine. Usije kunilaumu."

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na kubadilisha zipu, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Zipu. Siku hiyo niliacha sketi ya mtoto wa watu chini ya sindano, nikatoka mbio na uzi bado umening'inia shingoni.

Nilimkuta mama amekaa kwenye kochi, simu mapajani, ameikumbatia kwa mikono miwili.

"Mama, mbona simu yako haipatikani?"

"Imenyamaza tu."

"Imenyamaza tangu lini?"

"Tangu jana. Nikajua imechoka."

"Simu inachoka?"

"Mimi nimechoka, sembuse simu."

Nikaichukua. Chaji imejaa. Nikajaribu kupiga, sauti ya mashine ikaniambia laini hii imesimamishwa, wasiliana na kampuni yako ya simu.

Nilishangaa, kwa sababu laini ya mama haijui kuishiwa salio. Ni ya kulipia mwisho wa mwezi. Aliyemfungulia ni mdogo wangu, kitindamimba wetu, alipopata kazi. "Mama, hutaomba salio kwa mtu tena," alimwambia, na mama alitamba nayo kwa majirani mpaka tukaona haya.

Huyo mdogo wangu tunamwita Redio. Tangu mdogo ana sauti ya mtangazaji, na ukishamwasha hazimiki. Kazi yake ni ya simu, huduma kwa wateja, kampuni ya ghorofani yenye zulia na kiyoyozi. Mashati ya kuanzia kazi nilimshonea mimi, kola ngumu, vifungo vya akiba kwa ndani. Tangu aanze hiyo kazi, nyumbani hapigi, na ukimpigia hapokei. Eti simu zao hufungiwa kabatini.

Wiki hiyo nzima nilikuwa namtafuta. Kama kuna mtu katika ukoo wetu anayejua namba za maofisi, ni yeye. Laiti angepokea, nilikuwa najiambia, haya yote yangekwisha kwa simu moja.

"Mama, wale wa usajili uliwapigia?"

"Niliwapigia."

"Wakasemaje?"

"Wakasema nisubiri."

"Ukasubiri?"

"Nikasubiri. Chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena."

"Halafu?"

"Nikapiga kesho yake. Na kesho yake tena. Kijana mwenyewe ana adabu."

Namba ile nilimpa mimi. Niliitafuta mtandaoni ikaja ya juu kabisa, ina nembo, ina bendera, ina picha ya bibi mmoja anacheka ameshika kadi. Nikamwekea kwenye kitufe kimoja cha simu yake, abonyeze tu, kwa kuwa kusoma tarakimu hawezi tena. Nikarudi kwenye sare zangu nikijiona mtoto mwenye akili zake.

"Vaa viatu, mama. Tunakwenda wenyewe."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa waliokuua."

Ofisi ya usajili ina dirisha la kioo lenye tundu chini, usawa wa kiuno, ili kila mwananchi aongee ameinama. Nikainama. Karani alikuwa mwanamume wa makamo aliyepandisha miwani yake juu ya paji la uso.

"Nimekuletea marehemu," nikamwambia. "Huyu hapa. Muulize mwenyewe kaburi lake liko wapi."

Watu wa foleni wakacheka. Karani hakucheka. Akaomba jina, akabonyeza, akasoma.

"Hili ni kosa dogo," akasema. "Mbona hamkupiga simu? Tungelimaliza kwa simu."

Jamani! Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

"Hatukupiga? Huyu mama amepiga siku tatu! Mmemkalisha kwenye simu mpaka chai inapoa! Kijana wenu anamwambia subiri, subiri. Asubiri nini? Afe kweli ndipo mambo yenu yakae sawa?"

"Dada, taratibu. Amepiga namba gani?"

Nikamwonyesha kwenye simu yangu. Akateremsha miwani, akaitazama, akacheka kwa puani.

"Hii si yetu."

"Si yenu vipi, na nembo yenu hii hapa?"

"Nembo hata wewe unaweza kuibandika kwenye duka lako. Hawa ni watu wa kati. Unawapigia kwa bei ya kuchinja, wanakushika, wanakushika, halafu mwisho wakijisikia wanakuunganisha na sisi. Sisi wenyewe namba yetu ni ya bure. Haikati hata senti."

"Na hiyo ya bure mmeificha wapi?"

"Hatukuificha. Iko nyuma ya kadi."

"Kadi ipi?"

"Hiyo uliyoishika. Geuza."

Nikageuza. Nyuma kulikuwa na kitambaa.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana mambo kama haya hutupata sisi mafundi tu. Kadi ya mama ilikuwa ndani ya mfuko niliomshonea mwenyewe siku aliyoipata. Kitambaa cha maua, kamba ya shingoni, mbele nimeacha kidirisha cha nailoni ili sura na jina vionekane. Nyuma nimeziba. Tena nimepita na mshono mara mbili, kwa ufundi wangu wote, usifumuke hata kadi ikivutwa na ng'ombe.

Nilitoa mkasi mdogo wa kufumulia, nikaanza kufumua mbele za watu. Namba ikatokea, fupi, nyeusi, mtoto mdogo angeikariri. Juu yake imeandikwa PIGA BURE.

"Hata mimi nilipiga ile ya juu," mwanamke mmoja akasema nyuma yangu.

"Mtandaoni?"

"Ndiyo, yenye bibi anacheka. Nikajua anacheka kwa sababu kasaidiwa."

Hasira ya kujikasirikia mwenyewe ni mbaya kuliko zote, kwa sababu huna wa kumtukana. Nikaukunja ule mfuko nikautupa kwenye mkoba. Mama hakuona nilichofanya, akawa anaulizauliza, "Kuna nini? Kuna nini?"

"Basi mfufue," nikamwambia karani.

"Namfufua sasa hivi. Aweke dole gumba hapa. Ataingiziwa meseji yenye namba ya uthibitisho kwenye simu yake, ananisomea, basi, yu hai."

Mama akaweka dole. Mashine ikawaka taa ya kijani. Tukaitazama simu. Simu ikatutazama.

"Haijaingia?" karani akauliza.

"Laini imefungwa."

"Ah. Basi ifunguliwe."

"Tuma kwenye yangu."

"Haiwezekani. Lazima iende kwenye namba aliyojiandikisha nayo. Kubadilisha namba ni wiki mbili, na anatakiwa aombe mwenyewe akiwa..." Akasita.

"Akiwa hai," nikammalizia.

Walau aliona aibu. Akaangalia chini, akafuta miwani kwa ncha ya shati.

"Mfumo ndivyo ulivyo, dada. Duka la kampuni yenu ya simu liko hapo ng'ambo ya barabara. Wawafungulie laini, urudi na mama, aweke dole tena, tumalize. Bila dole lake mwenyewe siwezi kitu. Na jioni nafunga dirisha. Nikishafunga, nimefunga."

Nikamvusha mama barabara kama mtu anayevusha mayai. Magari yanapiga honi, yeye ananiuliza kama tumeshafika. Barabara yenyewe ni pana, ya kwenda na kurudi, haina hata mahali pa kupumzikia katikati.

Dada wa kaunta alikuwa msichana mwenye sare iliyompwaya mabegani. Jicho la fundi halilali, niliona kabla sijamsalimia. Akamkaribisha mama kiti, akasikiliza habari ya kadi na ya laini, akaangalia kompyuta yake, akaangalia tena. Kisha akanigeuzia kioo nione mwenyewe.

Deni lile ungenunua cherehani mbili za umeme pamoja na meza zake.

"Nani kaongea hivi?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia imetoka nyembamba.

"Zote zimekwenda namba moja. Ni simu ndefu. Deni lilipopita kiwango, mfumo ukaifunga laini wenyewe."

"Lakini alikuwa anasubiri! Hakuwa anaongea, alikuwa anasubiri! Siku hizi mpaka kusubiri kunauzwa?"

"Kwa namba zile, ndiyo. Zinalipiwa kwa dakika. Na ukisubiri, dakika zinakwenda."

Nikapiga kaunta kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka. "Na nyinyi mnachukua fungu lenu! Semeni kweli! Bibi kipofu anakamuliwa, nyinyi mmekaa hapa mnakinga ndoo!"

Mlinzi akasogea. Yule dada akamwashiria arudi.

"Tunachukua, dada," akasema polepole. "Sikufichi. Kama ingekuwa amri yangu, zingefungwa zote."

Ukimkuta mtu anakukubalia, hasira inakosa pa kukaa. Nikakaa mimi.

Akanieleza. Ukiwapigia wale watu, mwanzoni kabisa kuna sauti inasoma mbio kama mtu anayekimbizwa: bei yao ni hii, wao si serikali, ukiendelea umekubali. Wakishasema hivyo sheria inawalinda. Lakini yule mtu anayepokea akitamka kwa mdomo wake kwamba hapo ni ofisi ya serikali, huo ni utapeli.

"Hapo deni naliweka kando, na laini naifungua nikiwa nimekaa hapahapa. Ila nahitaji maneno ya mama, na yanarekodiwa."

Akasogeza kinasa sauti kidogo mbele ya mama.

"Mama, huyo aliyekupokea alijitambulisha vipi?"

Mama akalainisha sketi yake magotini.

"Sikumbuki."

"Mama!" nikasema.

"Nimesema sikumbuki. Mimi mtu mzima."

Sikiliza, mama yangu macho mabovu, lakini sikio lake halijawahi kupoteza kitu. Mpaka leo anaweza kukutajia neno kwa neno alichosema mama mkwe wangu siku ya harusi, na nani alikohoa. Ananiambia mimi hakumbuki!

"Alisema hapo ni ofisi ya usajili, au hakusema?"

"Alisema nisikate. 'Usikate simu, mama.' Basi."

"Jicho linakwenda, mama! Jicho! Unalitoa sadaka kwa ajili ya adabu ya tapeli?"

"Usimwite tapeli."

"Nimwite nani, mchumba?"

Dada wa kaunta akakohoa. "Tunaweza kuwapigia sasa hivi. Naruhusiwa kupiga simu ya majaribio kutoka hapa, inarekodiwa. Nitajifanya mteja."

"Msipige," mama akasema.

Alisema upesi mno. Akanishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Mama, tuache tufanye kazi."

"Nimesema msipige. Twende nyumbani. Nitaona kwa hilihili."

"Piga, dada," nikasema.

Akapiga, akaweka kwenye spika. Ile sauti ya mbio ikasoma bei na mengine yote, sikushika hata neno moja, na mimi nilikuwa nimetega masikio yote mawili. Simu ikaita. Ikapokelewa.

"Ofisi ya usajili, habari za alasiri. Umefika mahali pake, nikusaidie nini?"

Ndugu zangu, sauti ile nimeilea mimi.

Nimeibeba mgongoni. Nimeifuta kamasi. Nimeifundisha kusema shikamoo na samahani. Mama akiwa kazini mimi ndiye niliyeilisha, na ikilia usiku mimi ndiye niliyeamka. Alikuwa Redio.

Kwanza, kwa upumbavu, nilitaka kufurahi. Kumbe huyu hapa! Kumbe anapokea! Halafu maana yake ikaniingia taratibu.

"Kaka, hapo ni serikalini kweli?" dada wa kaunta akauliza kwa sauti ya unyonge. "Nisije nikawa nimekosea."

"Ni hapahapa, dada yangu, tulia. Tatizo nini?"

Yule dada akanikonyeza. Amenasa. Mimi sikuweza hata kupepesa jicho.

"Kadi ya mama yangu imeandikwa amefariki, na yu hai."

"Pole sana. Hayo tunayamaliza leoleo. Usikate simu, nafungua faili lako. Usikate, niko na wewe."

Faili gani? Nilimsikia anakunywa kitu. Nilimsikia anaweka glasi chini. Ile kola niliyomkazia kwa pasi nilikuwa naiona kabisa, imekaa sawasawa shingoni kwake.

Dada wa kaunta akamwinamia mama. Alinong'ona, lakini spika ilikuwa wazi. "Mama, ndiye huyu?"

"Hapana," mama akasema, kwa sauti kubwa, akiielekea simu. "Simjui huyu. Sijawahi kumsikia maishani mwangu."

Kwenye spika Redio hakunywa, hakupumua. Kisha simu ikakatika.

Dada wa kaunta akaitazama kama imemng'ata.

"Amekata? Hawa hawakati! Nimesikiliza simu zao nyingi, hajawahi kukata mtu. Kwao ukikata wewe unafukuzwa kazi." Akanitazama, akamtazama mama. "Ngojeni. Nampelekea msimamizi rekodi."

Akaingia mlango wa nyuma. Tukabaki wawili.

"Ulijua," nikasema.

"Tangu neno la kwanza."

"Ulijua, na ukaendelea kupiga! Siku tatu, mama!"

"Kwangu hapigi, mwanangu. Kule anapokea."

Nilikosa pa kuweka uso. Mama alisema maneno hayo kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, tena bila machozi. Angelia ningejua la kufanya.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Mimi namweleza habari ya kadi, yeye anasema subiri mama, usikate. Nikinyamaza anasema upo mama? Nasema nipo. Basi hivyo."

"Na yeye alikujua?"

Mama akalifuta jicho la kushoto kwa ncha ya mtandio.

"Siku ya kwanza sijui. Siku ya mwisho aliniuliza kama nimetia dawa ya jicho."

"Ulimwambia una dawa ya jicho?"

"Sikumwambia."

Basi. Alijua. Mtoto aliyenyonya ziwa lile alijua ni nani yuko upande wa pili, alijua jicho lenyewe, alijua dawa, na bado akasema usikate. Namba ya bure ameikalia mwenyewe, angeitaja kwa pumzi moja, mama angeamka hai kesho yake. Hakuitaja. Nilitamani apatikane pale dukani nimvue lile shati mwilini, nichane mishono yangu mmoja mmoja.

"Usimhukumu," mama akasema. "Labda kuna mtu anamsikiliza. Labda akimwonea mtu huruma wanamfukuza."

"Afukuzwe! Afukuzwe leo! Wewe ukipofuka nani atakufukuzia giza?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

"Jicho ni langu," mama akasema. "Na mtoto ni wangu. Mtaa mzima unakuita Zipu, hebu leo jifunge."

Dada wa kaunta akarudi. Alikuwa anatabasamu, maskini, alidhani ametuletea furaha.

"Msimamizi amekubali! Amesikia mwenyewe 'ni hapahapa'. Hatumhitaji hata mama aseme. Limebaki jambo moja. Kila tukiwabana, ile kampuni inasema mfanyakazi huyo hatumjui, kwa sababu wote wanatumia majina ya uongo. Nikipata mtu anayemtambua huyu mmoja kwa jina lake la kweli, deni linageuka kwao na laini nafungua dakika hii."

"Na yeye?" mama akauliza.

"Yeye atajieleza polisi, mama."

Mama akanikaza mkono mpaka vidole vikaniuma.

Yule dada akainama kwangu. Hakuwa anatabasamu tena.

"Wakati anaongea niliuona uso wako. Unamjua?"

Kupitia kioo cha duka niliona ng'ambo ya barabara. Karani wa usajili alikuwa amesimama, anateremsha mapazia ya madirisha, ameanzia la mwisho kuja la kwetu. Nikamfikiria Redio amesimama mbele ya meza ya polisi, anavuliwa mkanda na kamba za viatu, na yeye woga wa giza haujamtoka mpaka leo. Nikamwonea huruma. Nikamfikiria anakunywa maji huku mama anasubiri. Hasira haikushuka hata kidogo.

"Namjua," nikasema.

Mama akauachia mkono wangu.

Hakunitukana. Hakunigombeza, mwanamke anayenigombeza kwa chumvi kuzidi. Alipapasa fimbo yake pembeni ya kiti, akainuka, akajigonga kwenye kona ya kaunta, akaendelea. Dole linalotakiwa kule dirishani ni lake, si langu. Yeye asipotaka kufufuka, hakuna karani wala mahakama itakayomfufua.

"Mama, kaa!" nikamwita. "Mama, nje kuna magari!"

Hakugeuka.

"Jina lake nani, dada?" sauti iliniuliza nyuma yangu, na taa nyekundu ya kinasa sauti inawaka. Mbele yangu mama alikuwa ameshausukuma mlango wa kioo, na fimbo yake inapapasa ukingo wa barabara.